Kisukuku au Jiwe Tu? Mwongozo Kamili wa Kutambua Visukuku vya Mawe na Wadudu wa Sandarusi, kwa Watu wa Bagamoyo na Tanga

Ujumbe huja usiku, na picha moja iliyopigwa chini ya taa: kiganja, na juu ya kiganja jiwe. "Kaka, hiki kisukuku kina miaka milioni ngapi?" Nikijibu kwamba si kisukuku, mtu ananuna. Nikijibu kwamba ni kisukuku lakini hakijafika hata milioni moja, ananuna zaidi.

Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na kosa ni lile lile. Watu wanaanza na umbo. Jiwe limejikunja, basi ni konokono. Kipande cha njano kina mdudu ndani, basi ni kaharabu. Hapa tutakwenda kinyume: kwanza ujue kitu kimetengenezwa na nini na kimetoka wapi, ndipo uulize kinafanana na nini.

Maneno matatu yasitupoteze. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa mwambani au ndani ya utomvu. Kaharabu ni utomvu wa miti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka mpaka ukabadilika kabisa. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi wetu huu wa pwani, uliokauka na kufukiwa, lakini bado una umri mdogo ukilinganisha na kaharabu. Karibu vipande vyote vya njano vinavyochimbuliwa Bagamoyo ni sandarusi.

## Vifaa

Vingi unavyo nyumbani, na vilivyobaki viko duka la dawa au la vifaa vya ujenzi.

- Kioo cha kukuzia mara 10, kile cha masonara. Kama ni kununua kitu kimoja tu, nunua hiki.
- Tochi yenye mwanga mweupe.
- Siki nyeupe, au ndimu mbili.
- Kisu cha chuma na msumari.
- Spiriti ya duka la dawa, dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, na vijiti vya pamba.
- Sindano ya kushonea, koleo na mshumaa.
- Chumvi, maji safi na glasi ya kioo.
- Msasa wa maji namba 400, 800, 1500 na 2000, dawa ya meno, na kipande cha jinzi kuukuu.
- Mafuta ya watoto, yale yasiyo na rangi.
- Daftari, penseli, rula na vifuko vidogo.

Nyundo sikuisahau. Sikuiweka makusudi, na sababu utaiona katika hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Usiokote bado

Ukiona kitu, kiache palepale. Weka rula pembeni, piga picha tatu: moja ya karibu, moja ya hatua mbili nyuma, na moja ya mbali inayoonyesha ukingo, shimo au ufukwe wote. Andika mahali, tarehe, na kitu kilikuwa wapi: kimeshikwa na mwamba, kiko ndani ya udongo, au kimelala juu ya mchanga?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua mambo mengi. Kitu kilichoshikwa na mwamba kina umri wa mwamba ule. Kilicholala juu ya mchanga kinaweza kuwa kimeletwa na mto, na wimbi, au na lori la kokoto. Jiwe lisilojulikana lilikotoka, hata profesa hawezi kulifanyia mengi.

Tahadhari. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba mambo ya kale bila kibali, wala kuyatoa nje ya nchi bila kibali. Mapango ya Amboni, Tanga, na magofu ya Kaole, Bagamoyo, yanalindwa. Usimegue chochote pale, hata kile kilicholegea. Na ukikuta mifupa iliyopangika kama mwili, usichomoe hata mmoja: funika kwa udongo kidogo, toa taarifa serikali ya mtaa. Inaweza kuwa kaburi.

Hatua hii imekamilika kama mtu ambaye hakuwapo anaweza, kwa picha na daftari lako tu, kwenda akasimama pale uliposimama.

## Hatua ya 2: Jua mwamba kabla ya umbo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Visukuku hukaa katika miamba mashapo, yaani ile iliyojengwa na mchanga, tope au maganda ya bahari yaliyotua tabaka juu ya tabaka. Miamba iliyotokana na uji wa moto, na miamba geu iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi, haina visukuku isipokuwa kwa nadra sana. Ukilijua kundi la jiwe lako, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa upande wetu wa pwani, mawe utakayokutana nayo mara nyingi ni haya.

Jiwe la matumbawe. Ndilo majabali ya ufukweni, na ndilo lililojengea nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo na msikiti wa Kaole. Lina matundu, ni jepesi kwa ukubwa wake, rangi ya maziwa au kijivu. Majabali mengi ya namna hii katika pwani ya Afrika Mashariki yalikuwa miamba hai chini ya maji takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Maganda yaliyomo ndani yake ni visukuku kweli, ila ni vya jana ukilinganisha na vya Amboni.

Chokaa ngumu ya Amboni. Hii ni nyingine kabisa: nzito, imeshikana, haina matundu ya sifongo. Ni ya zama za Jurasiki, umri wake unahesabiwa kwa zaidi ya miaka milioni 145. Ilitua chini ya bahari, kwa hiyo ukitafuta ndani yake utafute viumbe wa bahari.

Mawe ya tope na ya mchanga yenye matabaka. Yanapatikana bara kidogo ya Tanga. Mengine yamepita umri wa chokaa ya Amboni kwa mbali. Ni katika mawe ya karibu na Tanga alikopatikana mtambaazi aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1924, Tangasaurus mennelli, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mji wetu umo ndani ya jina la mnyama, na watoto wa shule hawaambiwi.

Mawe ya Usambara. Yana mistari ya weusi na weupe, yanametameta, hayakwaruziki kwa kisu kirahisi. Haya ni miamba geu. Mto Zigi unayabeba kutoka milimani mpaka pwani, yanaviringika njiani, yanatoka laini na yenye sura za ajabu. Picha nyingi ninazotumiwa kutoka Tanga ni za mawe haya. Linaweza kufanana na kichwa cha samaki mpaka ukaona na jicho. Si kichwa cha samaki.

Sasa jaribio. Kwaruza sehemu isiyo na umbo kwa msumari upate unga kidogo, udondoshee siki. Unga ukitoa povu, jiwe lina chokaa. Usidondoshee jiwe zima tu. Siki ni dhaifu, juu ya uso mgumu inaweza isionyeshe kitu ukadhani hakuna. Kisha jaribu kisu: chokaa hukwaruzika, jiwe la kwatzi, lile gumu linalofanana na kioo, hukwaruza kisu chenyewe.

Tahadhari. Zege na lipu ya zamani navyo hutoa povu. Lipu ya mababu zetu ilikuwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, na ndani yake mara nyingi kuna vipande vya maganda. Nimeona mtu amekihifadhi kipande cha ukuta ndani ya sanduku la vioo. Angalia kwa kioo cha kukuzia: kama maganda yameshikwa na unga mweupe uliojaa chembe za mchanga na vipande vya mkaa, hilo ni tofali la nyumba ya mtu.

Umefaulu kama unaweza kuandika sentensi moja: "Hili ni jiwe la aina fulani, limetoka mahali fulani, na linaweza au haliwezi kuwa na kisukuku." Ukishindwa kuiandika, usiende hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Yatoe mawe yanayodanganya

Matawi meusi membamba kama jani la mti yaliyochorwa juu ya ufa wa jiwe: hayo ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji. Mmea wa kweli una mshipa wa kati na ukingo wa jani; haya yanatawanyika tu kama wino kwenye karatasi mbichi.

Mpira wa jiwe, au "yai": madini yaliyojikusanya kuzunguka chembe. Yai la kweli lina ganda lenye unene sawa na vitundu vidogo vidogo.

Maumbo ya mapangoni. Ukiingia Amboni, mtembezaji atakuonyesha wanyama na viti na watu. Raha ya macho. Yale yamejengwa na matone ya maji yenye chokaa, tone baada ya tone, hakuna mnyama aliyegeuka jiwe.

Nyayo za jitu. Mashimo mawili ya kufanana si nyayo. Nyayo zina mwendo: kulia, kushoto, kulia, kwa nafasi zinazokaribiana.

Kanuni ninayoitumia ni hii: kiumbe hurudia. Mbavu za ganda hurudia kwa nafasi sawa, vyumba hurudia, nyota za tumbawe hurudia. Jiwe la bahati huwa na umbo moja zuri upande mmoja. Ukiligeuza, hamna kitu.

## Hatua ya 4: Sasa soma umbo

Osha jiwe kwa maji na mswaki laini. Likiwa bado na unyevu, limulike tochi kutoka pembeni, si kutoka juu. Kivuli ndicho kinachofichua mbavu na mistari. Kisha pitia maswali haya.

Limejikunja? Uliza kama mkunjo umelala bapa kama kamba ya meli iliyokunjwa sakafuni, au unapanda juu kama pia. Unaopanda ni konokono. Uliolala bapa, wenye mbavu, na ukiuona kwa ndani una vyumba vilivyotengwa kwa kuta, ni amonaiti, ndugu wa kale wa pweza na ngisi. Amonaiti walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo ukimpata mmoja, mwamba wako una umri huo au zaidi. Huyu mmoja anakupa tarehe kuliko chombo chochote cha nyumbani. Lakini hutampata ndani ya jiwe la matumbawe la ufukweni. Anayekuambia amempata humo, mwombe jiwe ulitazame mwenyewe.

Lina umbo la risasi, limechongoka upande mmoja? Kama limevunjika, tazama kwenye mvunjiko: nyuzi za madini zinazotoka katikati kuelekea nje kama miali ya jua ni dalili ya belemnaiti, naye ni wa ukoo wa ngisi.

Lina maganda mawili? Kwa kome na jamaa zake wengi, ganda la kulia ni kioo cha la kushoto. Kuna kundi jingine la kale ambalo kila ganda, likigawanywa katikati, pande zake hulingana, lakini ganda la juu na la chini havilingani kwa ukubwa. Chora mstari kwa penseli kwenye karatasi, utaona haraka.

Lina nyota nyingi? Tumbawe. Hesabu kuta ndogo ndani ya nyota moja. Matumbawe mawe ya leo na ya Jurasiki hupanga kuta hizo kwa sita na mafungu yake.

Lina nyuzi kama kuni? Mti uliogeuka jiwe hukwaruza kisu, haushiki moto, na kwenye mkato wake unaona vitundu vya mishipa. Kuni iliyokaa majini muda mrefu ni nyeusi na nzito pia, ila kisu kinaingia.

Ni ganda, lakini ni la kale au la juzi? Swali gumu pwani. Kete au dondo la juzi linang'aa, lina madoa yake, na ndani ni tupu. La kale limefifia mpaka likawa kama chaki, ni zito, na tumbo lake limejaa mwamba ule ule uliolizunguka. Ganda lililokaa juu ya mchanga mkavu, tupu ndani, lihesabu la juzi mpaka upate sababu nyingine.

Kuhusu mifupa nitasema kidogo tu, kwa kuwa ni nadra huku. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito, ukigongwa kwa kucha unalia kama kigae, na mvunjiko wake una vitundu. Wataalamu wengine hugusisha ulimi, kwa kuwa mfupa wa kale hunata. Mimi sipendekezi, hujui jiwe lile limelala wapi. Anayetaka mijusi mikubwa aende kusoma habari za Tendaguru, Lindi, walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Na wanaoniuliza kuhusu silikanti wa Tanga: yule ni samaki hai, wavuvi wamemtoa kwenye nyavu mara nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Visukuku vya ukoo wake vipo, lakini yeye si kisukuku, msimtafute mwambani.

Hapa umefaulu kama una dalili tatu zinazokubaliana: mwamba, umbo, na kitu kinachojirudia. Dalili moja haitoshi, hata ikiwa nzuri namna gani.

## Hatua ya 5: Kaharabu, sandarusi, au plastiki?

Miaka kadhaa nyuma nilinunua kipande chenye nyigu ndani, nikaambiwa ni kaharabu, nikalipa bei ya kaharabu. Nikakipeleka kwa bibi yangu kumringia. Akakigeuza mara moja, akakinusa, akabandua kimeguko kisichozidi chembe ya mchele, akakitupa ndani ya chetezo juu ya makaa. Chumba kikajaa harufu tamu.

"Hii sandarusi hii, mwanangu," akasema. "Babu zako walikuwa wakiipima kwa frasila."

Sikutaka kuamini. Nikaenda kukisafisha kwa pamba na spiriti ili king'ae. Uso ukageuka gundi, nyuzi za pamba zikanasa juu ya bawa la nyigu, na zimo mpaka leo.

Basi usifanye nilivyofanya. Fanya majaribio kwa mpangilio huu, kwenye kona ambayo haina mdudu, kuanzia lisiloharibu kwenda linaloharibu.

Kwanza, macho. Sandarusi iliyofukiwa huwa na ngozi ya nje yenye vipele vidogo vidogo kama kuku aliyenyonyolewa. Ngozi hiyo ni dalili nzuri ya sandarusi ya ardhini. Iliyotoka mtini juzi haina, ni laini na hunata kidogo. Wafanyabiashara wa zamani waliiita chakazi. Ukiona nyufa ndogo kama utando wa buibui juu ya uso uliosuguliwa, hiyo pia ni sandarusi ikikauka. Na ukiletewa kipande cha kijani kibichi kinachoitwa kaharabu ya kijani, shuku: sandarusi hupikwa kwa joto na shinikizo ikatoka na rangi hiyo.

Pili, maji ya chumvi. Jaza glasi maji, koroga chumvi mpaka nyingine ibaki chini haiyeyuki. Tumbukiza kipande. Kioo kinazama, na plastiki ngumu za zamani zinazama. Kaharabu na sandarusi zote mbili zinaelea, na baadhi ya plastiki nyepesi nazo zinaelea. Kwa hiyo jaribio hili linakataa, halithibitishi. Msitumie maji ya bahari kama yalivyo: yana chumvi takriban gramu 35 kwa lita, hayatoshi kuielesha kaharabu. Mtu mmoja alitupa baharini ushanga wa mama yake kuujaribu. Acha.

Tatu, spiriti. Weka tone moja, subiri sekunde 30, gusa kwa kidole. Kukinata, au kukiacha doa lisilong'aa, ni sandarusi. Kwa sehemu kubwa ya vipande vya Bagamoyo safari inaishia hapa.

Nne, asetoni, kwa kile kilichoishinda spiriti. Tone moja, sekunde 30. Kikinata sasa, ni sandarusi iliyokomaa zaidi au plastiki. Harufu ya sindano itatenganisha. Kisiponata, una kaharabu, au plastiki ngumu, au sandarusi iliyopikwa.

Tano na mwisho, sindano. Ondoa kwanza chupa za spiriti na asetoni, zipeleke chumba kingine. Mvuke wake unashika moto. Shika sindano kwa koleo, ipashe mpaka ianze kuiva, iguse kwenye kona. Sandarusi inalainika haraka, inavuta uzi, inanukia utamu kama ubani. Kaharabu inakuwa ngumu kuingia, inatoa moshi mdogo wenye harufu ya msonobari na hupasukapasuka kuzunguka tundu. Plastiki inanuka kama mpini wa sufuria ulioungua, ukishainusa hutaisahau.

Kusugua kwa kitambaa ili kivute vipande vya karatasi ni mchezo mzuri wa watoto, na ndiko jina lilikotoka: kaharabu kwa Kiajemi ni "mnyakuzi wa nyasi kavu". Ila plastiki nayo hunyakua, kwa hiyo usiamulie hapo.

Kwa wenye tasbihi. Wengi huniuliza kuhusu tasbihi za wazee wao. Usiguse nje ya punje. Fanya jaribio la spiriti kwa ncha ya kijiti ndani ya tundu la uzi, kwenye punje ya mwisho, baada ya kuomba ruhusa ya mwenyewe. Tasbihi zilikuja na watu na vyombo, kwa hiyo hapo kaharabu ya kweli inawezekana, hata kama ardhi yetu haikuitoa.

Sasa jambo la umri. Kaharabu ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30, ya Myanmar takriban milioni 99. Sandarusi yetu umri wake ni wa maelfu ya miaka au chini ya hapo, nyingine ni karne chache tu, ingawa mara nyingi huchimbuliwa mahali ambapo leo hakuna msandarusi hata mmoja. Msivunjike moyo. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, iliyo maarufu kwa wadudu wake, ilitoka kwenye mti wa kale wa jamii moja na msandarusi wetu, na kati ya miti ya jamii hiyo iliyo hai, huu wa Afrika Mashariki ndio unaofanana nao zaidi. Anayeshika sandarusi ya Bagamoyo ameshika kaharabu ikiwa bado utotoni.

## Hatua ya 6: Fungua dirisha

Ngozi ya sandarusi haipitishi macho. Chagua upande ulio mbali kidogo na mdudu. Lowesha msasa namba 400, sugua kwa mkono, polepole, kwa mwendo wa duara. Hamia 800, kisha 1500, kisha 2000, ukisuuza kila unapobadilisha ili chembe kubwa zisibaki. Maliza kwa dawa ya meno juu ya jinzi iliyolowa.

Tahadhari. Kamwe usitumie mashine ya kusagia. Joto linalainisha sandarusi, inaziba msasa na kupasuka. Ukihisi kidole kinapata moto, pumzika. Na acha angalau milimita mbili juu ya mdudu; kipande kikimwachia hewa, ataoza au kuvunjika.

Kama hutaki kusugua sana, tumbukiza kipande ndani ya kikombe kidogo cha mafuta ya watoto, tazama kwa juu. Mikwaruzo inapotea machoni, mdudu anatokea. Dakika chache zinatosha, kisha futa.

Dirisha liko tayari ukiweza kusoma maandishi ya gazeti kupitia kipande, na miguu ya mdudu ikahesabika.

## Hatua ya 7: Mtambue mdudu

Anza na hesabu. Miguu minane ni buibui au jamaa zake. Miguu sita ni mdudu; nenda kwenye mabawa. Mabawa mawili: nzi, mbu, vipwepwe vya matunda. Manne, au hana kabisa: endelea.

Mabawa manne marefu yanayolingana, papasi (zile pembe za kugusia kichwani) zilizonyooka kama shanga, na mwili usio na kiuno: kumbikumbi. Kiuno chembamba chenye kifundo, papasi zilizokunjika kama kiwiko: chungu, awe hana mabawa au ni dume au malkia mwenye mabawa. Mwili mfupi wenye nywele na miguu ya nyuma iliyopanuka: nyuki. Katika sandarusi utakutana sana na wale nyuki wadogo wasiouma, kwa kuwa wao wenyewe hufuata utomvu kujengea mizinga yao, na wengine hawarudi nyumbani. Mabawa ya juu magumu kama sanduku: mbawakawa na dudu za kutoboa magogo.

Usione haya kuishia kwenye jina la jumla. "Chungu, aina haijulikani" ni jibu sahihi kuliko jina la Kilatini ulilolinakili.

Na mdudu wa kutiwa? Mdudu aliyenasa kweli amepinda, bawa limekunjika, kuna viputo vya hewa na uchafu wa gome pembeni yake, na mara nyingi mikondo ya utomvu imemzunguka. Aliyepandikizwa amekaa katikati kabisa, mabawa yametandazwa kama wa kwenye picha ya kitabu, na ukimulika tochi pembeni utaona mstari mwembamba pale vipande viwili vilipogandishwa. Nge mkubwa mzima katikati ya kipande kisicho na doa, mwache muuzaji aondoke naye.

## Hatua ya 8: Andika, hifadhi, peleka

Kwenye karatasi ndogo andika namba, mahali, tarehe, aina ya mwamba au utomvu, majaribio uliyofanya na matokeo yake, kisha jina. Jina liwe la mwisho. Tumia penseli, wino wa kalamu hufifia kwa unyevu wa pwani.

Jiwe lifunge gazeti, liwekwe pakavu. Lililotoka ufukweni liloweke kwanza kwa maji baridi siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku, chumvi itoke. La sivyo litabanduka lenyewe kabatini. Sandarusi iweke kizani, mbali na dirisha, juu ya kitambaa cha pamba, kila kipande peke yake. Usiipake mafuta ya nazi ing'ae, na usiiache ndani ya gari.

Ukiwa na amonaiti, jino, mfupa au mdudu usiyemwelewa, piga picha zenye rula, chukua karatasi yako, uende Makumbusho ya Taifa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukaonane na watu wa jiolojia na wa mambo ya kale. Watakuuliza kwanza lilikotoka. Wewe utakuwa na zile picha tatu za hatua ya kwanza.